Kabla Hujanunua Sensa ya Hewa, Soma Asilimia

Ingia Kirinyaga Road jijini Nairobi, au Gerezani kule Dar es Salaam, uulize sensa ya hewa ya Subaru Forester yenye turbo. Hutakosa. Zipo mpya za boksi, zipo zilizong'olewa kwenye magari yaliyokatwakatwa Japani, na zipo zenye nembo ya Denso ambazo Denso wenyewe hawajawahi kuziona. Anayekosekana ni mtu wa kukuuliza: nani kakwambia sensa ndiyo mbovu?

Jibu la kawaida ni kwamba gari lilipimwa kwa mashine, na mashine ikasema. Mashine haikusema hivyo. Ilichotoa ni msimbo P0171, na maana ya msimbo huo ni moja tu: mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi mafuta. Ndugu yake P0172 anasema kinyume, mchanganyiko ni mzito. Hakuna kati ya hiyo miwili inayotaja kifaa. Kutoka "mchanganyiko ni mwepesi" hadi "nunua sensa" kuna safari, na kwenye gari la turbo safari hiyo ina kona ambazo gari la kawaida halina. Nitazungumzia zaidi Forester XT na Impreza WRX za injini ya EJ, kwa sababu ndizo zimejaa barabarani kwetu na ndizo zinazobadilishiwa sensa ovyo, lakini hesabu ni ileile kwa gari lolote la turbo linalopima hewa kwa sensa iliyo kwenye boksi la filta.

Tuanze na asilimia zenyewe. Petroli huungua vizuri hewa ikiwa takriban gramu 14.7 kwa gramu 1 ya mafuta. Kompyuta hupima hewa inayoingia, ikapiga hesabu ya mafuta, ikayamwaga, kisha ikasubiri habari kutoka sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi. Habari ikija kwamba oksijeni imebaki nyingi, inaongeza mafuta. Ikija kwamba haikubaki, inapunguza. Nyongeza au punguzo hilo ndilo huonekana kwenye skrini kama asilimia, na huja kwa sura mbili: STFT, ambayo ni rekebisho la papo hapo linalorukaruka kila sekunde, na LTFT, ambayo ni rekebisho la muda mrefu ambalo kompyuta imejifunza na kulihifadhi. Yajumlishe yote mawili. LTFT ikiwa +14 na STFT ikicheza kwenye +6, kompyuta inamwaga mafuta asilimia 20 zaidi ya hesabu yake ya kwanza. Jumla ya kati ya -5 na +5 haina neno. Ikifika 10 upande wowote, anza kutafuta. Taa ya injini yenyewe kwa magari mengi haiwaki mpaka jumla ikaribie 25, kwa hiyo taa ikiwaka ujue tatizo lina umri.

Sasa sensa ya hewa, ile ambayo mafundi wengi huiita eaflo. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake unaonyesha ni gramu ngapi za hewa zimepita kwa sekunde. Ifikirie kama askari wa getini anayehesabu watu wanaoingia ukumbini. Anahesabu kwa uaminifu, lakini anahesabu getini tu. Ukuta wa nyuma ukiwa na tundu, watu wataingia au kutoka bila yeye kujua, na hesabu yake itakosea ilhali macho yake ni mazima. Kumfukuza kazi hakuzibi tundu.

Kwenye gari lisilo na turbo, hewa isiyohesabiwa huingia tu. Injini inavuta muda wote, tundu linavuta nalo, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Turbo huleta jambo la pili: baada ya kukanyaga mafuta, paipu zilezile zilizokuwa zikivuta sasa zinasukuma, na tundu lililokuwa likiingiza hewa sasa linaitoa. Ndiyo maana gari moja linaweza kuwa jepesi likiwa limesimama na zito likipanda mlima, na fundi asiyejua akasema sensa imechanganyikiwa. Sensa haijachanganyikiwa.

Ili kujua tundu liko wapi, igawe njia ya hewa vipande vitatu.

Kipande cha kwanza ni kati ya sensa na turbo. Hapa hewa huvutwa siku zote, gari likiwa limesimama au likikimbia, na kadiri turbo inavyovuta kwa nguvu ndivyo hewa isiyohesabiwa inavyozidi. Asilimia zitakuwa juu karibu kila mahali, na mara nyingi zinapanda mzigo ukiongezeka. Kwenye injini ya EJ, paipu ya kuingilia turbo imejificha chini ya manifoldi ya hewa. Ni ya mpira au plastiki, imekaa jirani na joto kwa miaka mingi, na ikichanika huchanika upande wa chini ambao hata ukiinama na tochi huuoni. Mafundi wengi huikagua kwa kugusa sehemu ya juu, wakaipitisha. Tundu la hapo lina hasara nyingine ambayo skana haiandiki popote: hewa hiyo haikupita kwenye filta, na vumbi la barabara ya murram linakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo.

Kipande cha pili ni kati ya turbo na kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Humu ndimo ilimo intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, na mipira yake. Gari likiwa limesimama, presha ya humu hukaribia ile ya nje, kwa hiyo tundu halina la kufanya na asilimia zinaonekana nzuri kabisa. Ukikanyaga, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka nje. Kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ambayo haikufika, na unaona moshi mweusi kwenye kioo cha nyuma, nguvu hakuna, na pengine unasikia sauti ya kufoka chini ya boneti. Hapa ndipo skana inapowapotosha wengi, kwa sababu turbo inapofanya kazi kwa nguvu kompyuta nyingi huacha kusikiliza sensa ya oksijeni na kufuata jedwali lake. STFT inaganda kwenye 0. Ukiangalia asilimia peke yake utasema gari ni zima. Tegemea moshi, sauti na kipimo cha presha ya turbo.

Kipande cha tatu ni baada ya kilango, yaani manifoldi yenyewe na mipira midogo yote iliyochomekwa humo: ya breki, ya uvukizi wa tangi, ya kupumulia injini. Hapa ndipo uvujaji unapobadilika sura. Gari likiwa limesimama, kwenye manifoldi mna uvutaji mkubwa na tundu linaingiza hewa. Ukikanyaga hadi turbo ikaamka, tundu lilelile linatoa. Jepesi huku, zito kule.

Hesabu ndogo itakuonyesha kwa nini asilimia za gari lililosimama ni muhimu kuliko zote katika kukamata kipande hiki. Injini ya lita 2 iliyopata moto, ikiunguruma bila kukanyagwa, huvuta takriban gramu 3 za hewa kwa sekunde. Tuseme tundu linaingiza gramu 0.6. Hiyo ni asilimia 20 ya hewa yote, na LTFT itapaa. Sasa endesha kwa mwendo wa kawaida, injini ivute gramu 15. Hata tundu likiingiza gramu 0.6 zilezile, sasa ni asilimia 4 tu, na uvutaji wenyewe umepungua kwa hiyo pengine ni chini ya hapo. Ukiona +20 gari likiwa limesimama na +3 likiwa kwenye mwendo, acha sensa mahali pake, tafuta mpira uliopasuka baada ya kilango. Sensa chafu haifanyi hivyo. Uzi uliopakwa uchafu hupoteza wepesi wake, na mara nyingi husoma pungufu zaidi hewa ikiwa nyingi, kwa hiyo asilimia hupanda kadiri unavyokanyaga, na gari likiwa limesimama zinaweza hata kushuka chini ya sifuri.

Kukusanya namba hizi hakuhitaji gereji kubwa. Kile kidude cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na programu kama Torque kwenye simu vinatosha kwa magari mengi. Subaru za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zinaweza kukataa kuzungumza nacho kwa kuwa zina lugha yao wenyewe ya mawasiliano. Kwa hizo utahitaji waya wake maalumu na laptopu yenye RomRaider, ambayo ni ya bure. Injini ipate moto kwanza, maji yapite nyuzi 80, uzime kiyoyozi. Andika LTFT, STFT na gramu za hewa gari likiwa limesimama. Kisha likamate kwenye mizunguko 2,500 kwa nusu dakika, uandike tena. Kisha barabarani, kwenye mwendo wa kilomita 80 hivi kwa saa, usiobadilika. Wa kusoma simu awe mwenzako, siyo wewe uliyeshika usukani.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukiruka kwa sababu ni rahisi mno. Washa swichi bila kupiga stata, usome presha ya manifoldi. Injini ikiwa imezimwa, presha hiyo lazima iwe ya hewa ya nje: Mombasa takriban kilopaskali 101, Nairobi kama 83 kwa sababu ya mwinuko. Gari liko Nairobi na sensa ya presha inasema 101? Basi hiyo ndiyo ya kushughulikia kabla ya mengine. Na hapo hapo niseme juu ya ule usemi kwamba gari fulani "limezoea Pwani" na ndiyo sababu linakataa Nairobi. Sensa ya uzi wa moto hupima uzito wa hewa, si ujazo wake. Hewa ya Nairobi ikiwa nyepesi, sensa inaiona nyepesi na mafuta yanapunguzwa ipasavyo. Turbo itafanya kazi zaidi kufikisha nguvu ileile, hilo ni kweli, lakini mwinuko haukupi P0171.

Filta iliyoziba nayo husingiziwa. Filta iko kabla ya sensa, kwa hiyo ikiziba sensa inaona hewa kidogo na mafuta yanapungua nayo. Nguvu itakwisha, asilimia zitabaki palepale. Filta mbaya ni ile isiyokaa sawasawa kwenye boksi, inayopitisha vumbi pembeni likaenda kunata kwenye uzi. Zile filta za pamba zinazopakwa mafuta, ukizipaka kupita kiasi, hupeleka ukungu wa mafuta kwenye uzi huohuo.

Namba zikishakuonyesha kipande, nenda ukalione tundu kwa macho. Wengi hunyunyizia kisafishaji cha kabureta injini ikiwa inaunguruma, wakisikiliza ngurumo ibadilike. Inafanya kazi kwa kipande cha tatu tu, na unanyunyizia kitu kinachoshika moto juu ya ekzosi iliyopikwa na turbo. Sipendekezi. Njia bora kwa gari la turbo ni kulijaza upepo likiwa limezimwa. Fundi wa kuchomelea au hata wa mabomba anaweza kukutengenezea kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia mahali pa sensa, chenye valvu ya tairi katikati. Kifunge kwa klampu, tia upepo taratibu kwa pampu yenye geji, usipite psi 10. Presha ikizidi hapo inaweza kupita kwenye mipira ya kupumulia ikasukuma sili za injini, ukatengeneza uvujaji wa oili uliokuwa haupo.

Kisha maji ya sabuni ya kufulia kwenye chupa ya kunyunyizia, na subira. Kwenye EJ, povu hupenda sehemu zilezile: pale plastiki ya intakula ilipobanwa na alumini, gasketi ya valvu ya kurudishia hewa iliyokaa juu ya intakula, mpira unaounganisha intakula na kilango, na kile kiungo cha plastiki cha njia tatu cha kupumulia injini kilichojificha chini ya intakula, ambacho joto hukikausha hadi kinavunjika mkononi kama biskuti. Utasikia pia upepo ukitokea kwenye ekzosi au kwenye mdomo wa oili. Upepo huo, ukiwa wa kiasi, ni wa kawaida, kwa sababu kuna valvu za injini zilizoachwa wazi na mipira ya kupumulia. Unachotafuta ni povu linalofura kwa nje.

Sasa kuna jambo ambalo vijana hawataki kulisikia. Subaru hutoka kiwandani na valvu inayorudisha hewa ya turbo kwenye paipu ya kuingilia unapoachia mafuta. Hewa hiyo ilishahesabiwa, kwa hiyo inarudi ndani. Ukiitoa na kufunga ile inayopiga chafya nje, kila unapobadilisha gia unatupa hewa ambayo mafuta yake yamekwisha kupangwa. Matokeo ni pumzi ya moshi mweusi, plagi zenye masizi, na gari linalozimika ukikaribia taa za barabarani. Fundi akiona masizi anabadilisha plagi, kisha koili, kisha sensa. Tafadhali rudisha valvu ya kiwandani kwanza.

Paipu pana ya kuingizia hewa ina hatari zaidi, kwa sababu haina kelele. Sensa imepangiwa hesabu yake kwa kipenyo cha bomba lake. Hewa ikipita kwenye bomba la milimita 70 badala ya 65, mwendo wake unapungua na uzi unaona hewa pungufu kwa karibu asilimia 14. Kompyuta itajaribu kufidia kwa kuongeza kama asilimia 16, na kila ukipima utaambiwa kuna uvujaji usioonekana. Hakuna uvujaji. Kuna bomba lisilo lake.

Kwa nini nahimiza namba za mwendo na si za kusimama tu? Kompyuta za Subaru za kizazi hicho hugawa LTFT kwa mafungu kulingana na gramu za hewa, na kile ilichojifunza kwenye fungu la juu hukibeba hadi kwenye turbo, mahali ambapo haisikilizi tena sensa ya oksijeni. Ikijifunza -8 kwenye fungu hilo, mchanganyiko uliopangwa kuwa 11 kwa 1 unasogea karibu na 12 kwa 1 bila mtu kuuliza. Kwa petroli duni na joto la mchana, injini inaanza kugonga. Pistoni za EJ255 zinajulikana kwa kukatika kingo za ringi kwa mapigo ya namna hiyo, na gharama ya kufungua injini hailingani hata kidogo na ya sensa.

Vipande vyote vikikaza na asilimia zikabaki juu, bado sensa haijahukumiwa. Pima presha ya petroli. Mpira mdogo wa regulata ya petroli ukichomolewa, iwe karibu psi 43; ukisharudishwa, barabarani ipande sawa na turbo: turbo ikitoa psi 14, petroli iwe kama 57. Presha ikishuka badala ya kupanda, pampu au filta ya mafuta imechoka. Huo mpira wa regulata ukikuta una petroli ndani, utando umepasuka na hapo utakuwa na mchanganyiko mzito, siyo mwepesi. Sikiliza pia ekzosi asubuhi injini ikiwa baridi. Mlio wa tiki-tiki kabla ya turbo una maana kwamba hewa ya nje inaingia kwenye njia ya moshi, na sensa ya oksijeni inaripoti wepesi usiokuwepo. Koili inayokosa moto hufanya vivyo hivyo, kwa sababu hewa ya silinda isiyoungua inatoka na oksijeni yake yote.

Ndipo ufike kwenye sensa yenyewe. Usiipulize kwa upepo wa kompresa, usiiguse kwa pamba wala kidole, na usitumie kisafishaji cha breki. Kuna kopo lake maalumu la kusafishia sensa za hewa. Nyunyiza, iache ikauke kabisa, rudisha. Kagua na plagi ya waya wake, maana pini iliyolegea au kutu ya miguu ya waya huleta P0102 na P0103 wakati uzi ni mzima. Ile mbinu ya kuchomoa plagi na kuona kama gari linatulia ina maana kidogo kuliko inavyosifiwa. Ukiichomoa, kompyuta inatumia makadirio, na makadirio yanaweza kulituliza gari lenye tundu la paipu vilevile. Na usiiache imechomolewa ukaenda kukanyaga.

Sensa ikithibitika mbovu, chukua ya zamani nayo dukani. Linganisha namba ya sehemu tarakimu kwa tarakimu, siyo umbo, kwani boksi zinazofanana hubeba hesabu tofauti ndani. Duka likikubali, ifunge pale pale, injini ipate moto, usome gramu: injini ya lita 2 ikionyesha kati ya 2.5 na 4 ikiwa inaunguruma tu, endelea. Ikionyesha 6, rudisha kabla hujalipa, kwa sababu spea za umeme zikishatoka mlangoni hazirudishwi. Kisha futa kumbukumbu ya kompyuta, ukitumia skana badala ya kuchomoa betri, uendeshe siku mbili tatu kwa mwendo wa kila aina bila kuamsha turbo kwa nguvu, ndipo usome LTFT upya kwa utaratibu uleule wa mwanzo, na uweke karatasi ya namba za kabla na za baada kwenye droo ya gari kwa ajili ya fundi atakayefuata.